Kumpita Shangazi

Butiama,
8 Julai 2024

Mwanangu Jastin,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limekuwa na maoni yake tangu Jumamosi. Mahindi tumevuna, ingawa tumbili walivuna kabla yetu. Mwambie kaka yangu Chrispin, yaani baba yako, kwamba dagaa aliowatuma walifika na kwamba nusu yao walikuwa mchanga. Msalimie mkeo Dorah. Nasikia anatapika asubuhi. Asinywe chai tupu, ale kwanza kitu kikavu.

YAH: KUNIPITA BARABARANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeamua kwamba kuanzia leo mambo ya mbio tuandikiane. Jana ulinipigia simu, ukapandisha sauti, ukakata kabla sijamaliza, halafu ukatuma ujumbe kwamba ni mtandao. Nimefanya kazi serikalini miaka thelathini na tatu na najua mtandao unavyokata na mtu anavyokata. Jambo lisiloandikwa halijatokea. Barua zitapita kwa Dotto, dereva wa gari la maziwa, ambaye hushuka Musoma kila Jumatatu na Alhamisi.

Kwanza tuweke kumbukumbu sawa. Timu yetu ina watu wawili, mimi na wewe, na pikipiki mbili ambazo ni mali ya Mama Hyasinta. Yeye anauza dagaa, ndiyo maana tumeandikwa DAGAA SAFI mgongoni na mbwa wa kila kijiji wanatufuata. Ulisikia alichosema juzi tulipomaliza mbio ya Nyegina. Biashara imelegea, na msimu huu wa Kombe la Vumbi ukiisha anafunga timu. Pikipiki moja anaiuza. Nyingine anampa yule kati yetu atakayekuwa na pointi nyingi, iwe yake kabisa na kadi yake. Zimebaki mbio tatu na mimi ninakuzidi pointi. Hilo si jambo la kupandishia sauti.

Pili, tukio lenyewe. Tulipokuwa tunatoka kwenye majaruba ya mpunga, ulikuja upande wangu wa kulia ukapiga honi. Mimi ni dada wa baba yako, nilikuogesha ukiwa na siku mbili, na wewe ukanipigia honi kama unafukuza mbuzi. Kwetu mtu hampiti shangazi yake njiani bila kumwamkia, awe kwa miguu, kwa baiskeli au kwa pikipiki ya mashindano. Marehemu babu Alfonce alimpita shangazi yake siku ya harusi yake mwenyewe kwa sababu alikuwa na haraka. Mpaka anazikwa hakuwahi kufika mahali kwa wakati, na hata jeneza lilichelewa. Wewe ni Mkristo na mimi ni Mkristo, lakini jeneza lile sote tulilisubiri.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: ukitaka kunipita, niamkie, subiri nikuitikie, kisha pita. Sioni ugumu wowote hapo.

Ni mimi shangazi yako na mshiriki mwenzako,
Getruda Makongoro
Afisa Mifugo wa Kata


Musoma,
15 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

SHIKAMOO. Nimeiandika kwa herufi kubwa ili isije ikasemekana haikuonekana.

Huku tunaendelea vizuri. Dorah ameacha chai na sasa anataka udongo, tena si udongo wowote, anataka wa kichuguu cha nyumbani Nyegina. Jumapili nzima nilikuwa nabeba kichuguu. Baba anasema dagaa walitoka kwake safi, mchanga ni wa Butiama na waliupata njiani. Anakusalimu.

Sasa kuhusu barua yako. Honi nilipiga, nakubali, na ninaomba radhi. Lakini barua yako imeishia kwenye honi, na mbio haikuishia pale. Baada ya honi nilikuamkia. Nilikuamkia mara tisa, shangazi, nilihesabu. Nilikaa nyuma yako kilomita kumi na moja nikila vumbi lako nikisubiri unijibu, huku pikipiki yangu ina nguvu kuliko yako na wewe unajua. Uliniitikia tulipoiona bendera ya kumalizia. Ukasema, "Marahaba mwanangu, hamjambo nyumbani?" Kisha ukamaliza wa pili na mimi wa tatu. Na mimi mjinga nikajibu kwamba nyumbani hatujambo.

Kijiweni Nyasho sasa wananiita Mkoba, kwamba shangazi akitembea na mimi nipo nyuma. Wambura, ambaye tunaegesha pamoja, aliniuliza mbele ya abiria wangu, "Mura, kwani wewe huwaga unashindana au unamsindikizaga?" Abiria alicheka mpaka akabadili pikipiki.

Nilimuuliza baba, je, nikimpita bila kuamkia itakuwaje? Akashona wavu wake muda mrefu. Akasema, "Mimi ni kaka yake na nilikuwaga namwamkia." Basi nikaacha kuuliza.

Lakini shangazi, niseme ukweli kama mtoto kwa mzazi. Pikipiki ninayobebea abiria ni ya mkataba. Kila jioni naiosha, naikabidhi kwa mwenyewe, narudi nyumbani kwa miguu. Miaka minne naendesha na sijawahi kulala nyumba moja na pikipiki yangu. Mtoto anakuja. Wewe unayo ya serikali, matairi ya serikali, mafuta ya serikali. Hii ya Mama Hyasinta ni ya nini? Mtu ana makalio mangapi? Samahani kwa neno hilo, ni la Dorah.

Mwanao anayekuheshimu hata akiwa nyuma,
Jastin


Butiama,
29 Julai 2024

Mwanangu Jastin,

Barua yako nimeipata na shikamoo nimeiona. Marahaba. Hiyo ni ya barua, haitumiki barabarani.

Huku tuko kwenye chanjo ya mapafu ya ng'ombe. Jana tumechanja mia mbili na kumi na mmoja, na mmoja akanikanyaga, bahati nzuri ni mguu ambao goti lake lilikuwa limeshaharibika. Kwaya imepata kinanda kipya na mpigaji yule yule. Mwambie baba yako kwamba mchanga wa Butiama ni mwekundu na ule wa kwenye dagaa ulikuwa mweupe. Aufikirie.

YAH: UHALALI WA SALAMU

Umelalamika kwamba uliniamkia mara tisa. Nimezipitia zote tisa. Tatu ulizitoa kioo cha helmeti kikiwa kimeshuka, na salamu ya ndani ya helmeti ni sawa na mtu anayeongea usingizini. Mbili ulizitoa wakati navuka korongo, na mtu anayevuka korongo anasubiriwa avuke. Moja ulisema "Shikamoo anti." Mimi si anti. Tatu zilizobaki zilikuwa sahihi na nilikuwa nazitafakari.

Aliyeamkiwa hana muda aliowekewa wa kuitikia. Bibi yako mzaa mama aliamkiwa na baba yako siku ya posa akamwitikia baada ya mavuno mawili, na ndoa ile imedumu.

Kuhusu swali la Dorah, mwambie limepokelewa. Sababu zangu za kuitaka pikipiki hiyo ninazo na si za kuandikiana. Ninaitaka kama unavyoitaka wewe, pengine zaidi, na sitakuachia. Nisingekuwa shangazi yako ningekwambia hivyo hivyo.

Kale kakichuguu msikamalize, kana kazi ya kushikilia ule mpaka wetu na kina Nyamburi.

Ni mimi shangazi yako,
Getruda Makongoro
Afisa Mifugo wa Kata


Musoma,
2 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena.

Dorah hajambo, amehamia kwenye ndimu. Baba kaufikiria mchanga na anasema haongei tena kuhusu mchanga. Ziwa limechafuka wiki hii na samaki hakuna, tunakula maharage kama watu wa Butiama.

Hongera kwa kumaliza wa tatu Jumamosi pale Buhemba. Mimi kama ulivyoona nilimaliza wa kwanza. Naandika ili nieleze nilivyofanya, usije ukasikia kwa watu.

Baada ya barua yako nilikaa nikafikiri. Shikamoo inatolewa mara moja kwa siku. Mtu ukishamwamkia asubuhi, mchana ukikutana naye mnapitana tu. Nikasema basi, nitamwamkia shangazi kabla ya mbio, ataitikia kama mtu mzima yeyote akiwa nyumbani kwake, na barabarani tutakuwa tumeshamalizana. Kwa hiyo nilikuja Butiama Ijumaa nikalala kwa rafiki, na saa kumi na mbili asubuhi nikawa mlangoni kwako nimevaa shati la kanisani.

Hukuwepo. Jirani akasema umekwenda kwenye josho. Josho lilikuwa kavu, hakuna ng'ombe wala shangazi. Mlinzi akasema umepita kwenda parokiani. Parokiani nikaiona pikipiki ya serikali nyuma ya ghala. Na kwenye choo cha parokia, chini ya mlango, nikaziona buti zako.

Nilisimama pale dakika ishirini. Padri alipita akaniuliza nasubiri nini, nikasema nasubiri zamu. Sikukuamkia kwa sababu mtu haamkiwi chooni, na wewe ulilijua hilo ulipoingia. Ilibidi niondoke nisije nikakosa mbio. Wewe ulifika bendera ikiwa imeshainuliwa, ukaniangalia kama hujawahi kuniona.

Lakini kule chooni umenisaidia. Kwa sababu ulifika mwisho, ulianzia mstari wa nyuma na mimi nikaanzia wa mbele. Aliyetangulia hampiti mtu. Kwenye yale mashimo ya wachimba dhahabu niligeuka mara moja nikakuona uko mbali, umesimama kwenye vikanyagio kama askari, na nilifurahi sana, shangazi. Sitakudanganya kwamba nilisikitika.

Nilipofika mwisho walinibeba. Wambura amesema jina la Mkoba limefutwa.

Mwanao,
Jastin


Butiama,
16 Septemba 2024

Mwanangu Jastin,

Salamu nyingi. Hongera kwa ushindi wa Buhemba. Ulipiga kona ya pili vizuri. Ya tatu uliipiga kama mtu anayefukuza kuku, ila ulipita.

Kuhusu choo cha parokia sina maelezo.

Huku si kubaya. Mvua bado. Wameniletea afisa kijana anaitwa Lucy, ametoka chuo, kucha ndefu lakini akili ni nzuri. Nazunguka naye kata nzima nikimwonyesha njia na watu, yupi ana ng'ombe wagonjwa na yupi ana ng'ombe wazima lakini anapenda kutembelewa. Anaandika kila kitu kwenye simu. Juzi simu ilizima tukiwa bondeni, akaniuliza tutarudije. Nilimwangalia nikajisikia mzee, jambo ambalo huwa silisikii.

Nina swali moja la kiufundi. Ile pikipiki ya timu, ukiifungia boksi la chanjo nyuma, lile kubwa la barafu, unadhani itayumba? Naulizia tu.

Baba yako asiponiandikia kuhusu mchanga si neno, lakini mwambie akumbuke alichoniahidi siku ya mazishi ya mama. Yeye anajua. Wewe usiulize.

Shangazi yako,
Getruda Makongoro
Afisa Mifugo wa Kata


Musoma,
4 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Oktoba yote kalamu ilikuwa nzito, na ile siku ya mbio ya Musoma tuliangaliana tu.

Dorah tumbo limekuwa kubwa, anasema mtoto anapiga teke akisikia injini. Baba anaumwa mgongo lakini anakwenda ziwani. Mvua zimeanza na njia ya kwenda kwa Dotto ni tope.

Baada ya ile mbio ya Musoma umebaki unanizidi pointi moja. Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 23, Butiama mpaka Bunda, atakayemaliza mbele ya mwenzake ndiye mwenye pikipiki. Ninajua unajua, naandika tu kwa sababu jambo lisiloandikwa halijatokea.

Baba ameniambia. Usimkasirikie, nilimlazimisha. Nilimwonyesha lile swali lako la boksi la chanjo, nikamuuliza mtu wa serikali mwenye pikipiki ya serikali anataka kufunga boksi kwenye ya dagaa kwa nini. Akaweka wavu chini. Akasema, "Getruda anastaafu. Desemba tarehe mbili anafikisha sitini. Anakabidhi pikipiki, anakabidhi kila kitu. Ameniapisha nisiseme, na wewe ukisema nitakuambia umeota."

Shangazi, mimi sikujua kwamba watu kama wewe huwa mnastaafu. Nilidhani mtakuwepo tu. Nilijaribu kukufikiria ukiwa Butiama bila pikipiki na sikuweza, nikawa nakuona umesimama barabarani na helmeti.

Kwa hiyo nimeamua. Siku ya mbio nitakaa nyuma yako mwanzo mpaka mwisho. Sitakuamkia na sitajaribu kupita. Maliza mbele yangu, chukua pikipiki, funga boksi lako, endelea kuchanja ng'ombe wa watu. Mimi nina umri, ya kwangu nitaipata siku nyingine. Dorah hajui. Tafadhali usimwandikie.

Mwanao,
Jastin


Butiama,
20 Novemba 2024

Jastin,

Barua yako ya tarehe 4 nimeipata jana. Dotto anasema ni tope. Sijambo.

YAH: KUACHIWA

Nimekasirika. Naandika hivyo mapema ili usije ukapoteza muda kulitafuta kati ya mistari.

Mwaka 1991 nilipopewa pikipiki ya kwanza, mkuu wangu wa kazi alisema mwanamke huyu atakuwa amechoka kufikia Krismasi. Hakutaja Krismasi ya mwaka gani. Nimeanguka kwenye mito yote ya wilaya hii na nimejiokota mwenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kuniachia njia, na sitaanzia kwa mtoto niliyemwogesha. Pikipiki ya kuachiwa ni sadaka. Sadaka natoa Jumapili, sipokei Jumamosi.

Ni kweli nastaafu. Ni kweli naogopa. Nimeliandika hilo mara moja na halitarudiwa. Kaka yangu nitamalizana naye mwenyewe, na siku ya mazishi ya mama itatajwa.

Nikikuona umekaa nyuma yangu kwa hiari yako, nitasimama katikati ya njia nikusubiri, na wewe utasimama, na tutazeekea pale wote wawili huku kombe linachukuliwa na watu wa Tarime. Na ili usiwe na kisingizio cha salamu, nimeandika hapa chini.

KIBALI. Mimi, Getruda Makongoro, natoa marahaba moja kwa Jastin Chrispin, mtoto wa kaka yangu, itumike Jumamosi tarehe 23 Novemba 2024, saa yoyote, mahali popote kati ya Butiama na Bunda, upande wowote wa barabara. Imetolewa kwa moyo safi na haina laana ndani yake. Hairuhusiwi kumpa mtu mwingine.

Ningegonga mhuri, ila mhuri ni wa serikali na hii ni shughuli binafsi.

Ukiweza, nipite. Usipoweza, itakuwa ni kwa sababu hukuweza.

Getruda Makongoro
Afisa Mifugo wa Kata


Musoma,
25 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Sijui kama uliniandikia. Gari la maziwa limekwama tangu Alhamisi, linasemekana limezama mpaka milangoni na Dotto analala humo humo alinde maziwa. Hii nimempa mwalimu mmoja wa huko Butiama, abiria wangu.

Dorah hajambo. Baba hajambo. Naandika kwa sababu siwezi kukupigia. Nimejaribu mara tatu kubonyeza namba yako.

Jumamosi nilifanya kama nilivyokuandikia. Nilikaa nyuma yako. Mvua ilikuwa inanyesha, watu wa Tarime wametutangulia, mimi na wewe tuko katikati ya tope. Nilikuona unageuka nyuma, unapunguza mwendo, unanionyesha kwa mkono nipite. Na mimi nikapunguza. Ukaongeza, nikaongeza. Sijawahi kukutazama ukiendesha, shangazi. Siku zote nilikuwa natazama pa kupitia. Unaendesha kama mtu anayepalilia, hakuna kinachopotea.

Kwenye kilomita ya kumi na tano hivi tukamkuta yule mzee Matiko amesimama katikati ya njia, mikono yote juu. Nilimsikia hata ndani ya helmeti. "Bibi Mifugo, anakufa! Tangu alfajiri anahangaika, mguu mmoja tu ndio umetoka!" Ukakata kushoto bila hata kufikiri. Ukaacha pikipiki ya mashindano imelala kwenye tope, injini inanguruma.

Nilipofika usawa wenu ulikuwa umeshapiga magoti, umevua koti la DAGAA SAFI, mkono uko ndani ya ng'ombe mpaka begani. Matiko kashika mkia. Hukuinua kichwa.

Nilipunguza mwendo. Nikajiambia nisimame. Nikajiambia nitasimama pale kwenye mkuyu, halafu nikajiambia nikifika darajani. Nilikuwa na kilomita arobaini za kubadili mawazo, shangazi, na nilizitumia zote. Kisha nikafika Bunda.

Naandika kilichokuwa moyoni mwangu, si kizuri. Nilijua nikisimama nitakuwa nimekaa nyuma yako kama nilivyoahidi, na nitarudi nyumbani kwa miguu. Na nilijua nikipita hakuna atakayenilaumu, maana wewe ndiye uliyetoka njiani. Nilipita kwa sababu hiyo. Sikukuamkia. Sikusimama kushika hata mkia.

Mama Hyasinta alinikabidhi kadi mbele ya watu. Walinipigia makofi, Wambura akalia. Pikipiki imelala ndani kwangu usiku mbili sasa. Dorah ameitandikia gunia isipate baridi. Mimi naona aibu kuitazama.

Nitaileta kwako Jumapili na kadi yake. Laana ikinipata nitaielewa.

Jastin


Butiama,
9 Desemba 2024

Mwanangu Jastin,

Marahaba.

Natumaini Dorah anaendelea vizuri na kwamba ile pikipiki imeondolewa gunia, maana gunia lenye unyevu linakula cheni. Huku mvua ni nyingi. Kuku wanataga. Dotto ametoka kwenye tope na anasema maziwa yote yalikuwa yameganda, ameyauza kama mtindi. Barua yangu ya tarehe 20 alikuwa nayo kwenye kofia, na atakuletea pamoja na hii. Isome. Imepitwa na wakati lakini ni halali.

Ndama ni jike, mzima. Alikuwa amekunja mguu na kugeuza shingo, imenichukua saa moja na robo. Mama yake alisimama jioni. Matiko amemwita Bunda, kwa sababu ndiko sikufika.

Tarehe mbili nimekabidhi. Pikipiki moja, helmeti moja, boksi la chanjo, mhuri, funguo za josho. Lucy amesaini kila kitu, hana kucha ndefu siku hizi. Walinunua soda, mkurugenzi alituma mtu akasoma hotuba yenye jina langu na historia ya mtu mwingine. Wamenizawadia saa ya ukutani ili nijue ni muda gani nimekaa. Kisha nikarudi nyumbani kwa miguu, kilomita nne. Sikujua njia ile ina mawe mengi hivyo. Nilipofika nililia kidogo, nikalisha kuku, nikalia tena.

YAH: PIKIPIKI YAKO

Usiilete. Uliponiandikia Jumatatu ulisema utaileta Jumapili, na Jumapili ile nilifunga mlango nikaenda kwa masista mpaka jioni. Mwalimu aliniambia ulikuja ukakaa kibarazani kwa muda wa saa tatu. Nashukuru. Usirudie.

Sasa nikuambie kilichotokea, maana wewe ulipita na hukuona mwisho wake. Nilikusikia. Injini yako naijua, ina kikohozi kwenye gia ya tatu. Nilisikia unapunguza, nikajua unataka kusimama. Nilikuwa nimeushika ule mguu wa ndama, ng'ombe anasukuma, na nikasema moyoni nikiinua kichwa huyu mtoto atasimama. Nikainamisha kichwa zaidi. Nikasikia unaongeza. Yaliyokuwa moyoni mwako ni yako na umeyaandika, na si mazuri, nakubaliana na wewe. Ulikosea na ulishinda. Yote mawili yabaki kwenye kumbukumbu, lisifutwe moja kwa ajili ya lingine.

Na mimi niliitaka. Usiku ule wa Jumamosi nilikuchukia, mwanangu, mpaka kama saa sita. Kisha nikakumbuka nina ndama wa kwenda kumwangalia asubuhi.

Sasa kuna jambo. Watu bado wananipigia simu. Nawaambia mimi si afisa tena, wananiambia pole, halafu wanaendelea kueleza ng'ombe. Jumamosi hii Lucy anakwenda kwa Mama Wankyo, kuna ng'ombe mwenye mimba iliyokaa vibaya, na ameniomba nikasimame pembeni nimwelekeze. Ni kilomita kumi na nane, na pikipiki ya serikali hairuhusiwi kumpakia mtu asiye mtumishi. Hilo nililiandika mimi mwenyewe, mwaka 2009.

Njoo saa moja asubuhi na pikipiki yako. Nauli nitalipa kama abiria mwingine na hatutabishana. Usiende mbio, na njiani usiniulize kama niko sawa.

Nitakaa nyuma. Tangu mwaka 1991 sijawahi kupakiwa na mtu. Nimekuwa nikiwaza jambo hili wiki nzima na nimeona nikuulize wewe kabla ya Jumamosi, nisije nikauliza mbele ya watu: mtu akikaa nyuma, anashika wapi?

Shangazi yako,
Getruda